Suruali Iliyokutwa Chini ya Godoro

Karani wa mahakama, aliyejulikana mtaani kama Bwana Mihuri, alikuwa ameita kesi za uzinzi kwa miaka ishirini na miwili. Sheria hiyo aliijua nje ndani. Enzi za babu yake mzinzi alichapwa viboko, baadaye ikawa jela, na siku zote kifungu kilimbana mke na hawara yake tu. Mume akichepuka, sheria ilitazama pembeni.

Siku moja mshtakiwa alikuwa fundi cherehani. Mumewe, dereva wa lori, alirudi safari bila taarifa akakuta suruali ya kiume chini ya godoro. Mke alijieleza kuwa ni ya mteja, ameilaza pale inyooke kwa sababu pasi imeungua. Mume hakusadiki, akaenda polisi.

Bwana Mihuri akafungua mfuko ulioletwa na polisi, akaikung'uta suruali mbele ya hakimu. Kile kiraka cha buluu makalioni alikifahamu vizuri. Kiliziba tundu la siku alipokalia msumari humo humo mahakamani. Akinyamaza, mama wa watu atafungwa. Akisema, ataonekana ndiye hawara, afungwe naye. Akanyoosha kidole kama mwanafunzi.

"Mheshimiwa, kielelezo ni changu."

Hakimu akamwamuru aingie kizimbani. Ikawa shida, maana wa kuita majina ni yeye. Basi akajiita mara tatu kwa sauti ya kazi, akajiitikia, akapanda.

Mkewe akaletwa kutoka sokoni. Alieleza kuwa ndiye aliyeipeleka suruali kwa fundi, zipu ilikuwa imekufa. Hakimu akamuuliza kama hamshuku mumewe hata kidogo. Mama akamtazama mzee wake juu hadi chini.

"Mheshimiwa, huyu hata soksi zake namtafutia mimi. Hawara angempata wapi?"

Kesi ikafutwa. Dereva akamwomba mkewe radhi mbele ya watu wote, naye akamjibu kwamba kwanza anunue pasi. Bwana Mihuri alishukuru kuachiwa, ila utetezi wa mkewe ulimchoma kuliko shtaka lenyewe. Siku tatu alinuna, akivaa soksi alizozitafuta mwenyewe, kila mguu rangi yake.

Mwaka uliofuata bunge likakifuta kifungu. Yeye ndiye aliyepewa rula na kalamu nyekundu akikate katika vitabu vyote vya mahakama. Kitabu cha hakimu alikikata mara mbili, kisha akapiga muhuri juu yake.