Miiba Niliyoiondoa Silangani

Wanafunzi wa uhandisi waliniita daktari na kusimama nikiingia darasani, lakini wakikwama walikwenda kwa fundi wa maabara. Yeye walimwita abti, yaani mjomba. Mtu wa Hulugho, mwenye cheti kimoja tu, na mlangoni pake viatu vya wanafunzi vimejaa utadhani ni Ijumaa msikitini. Wivu ulinikaba, sifichi. Aliyevisomea vihisi, vile vifaa vya kupimia, miaka yote ile ni mimi, bwana, si yeye.

Mradi wa wanafunzi wa mwaka wa nne niliusimamia mimi. Tulisimika nguzo sita kando ya silanga, bwawa la mvua nje ya Garissa wafugaji wanakonyweshea mifugo. Kila nguzo ilibeba kihisi cha kupima maji, na vihisi vilipokezana vipimo hadi kwenye kompyuta chuoni. Aliyeongoza kikundi alikuwa binti wa Hagadera. Bila vipimo vya mwezi mzima asingehitimu, na kwao hakuna aliyewahi kuhitimu.

Nilipokwenda kukagua nikakuta kila nguzo imezungushiwa matawi makavu ya miiba.

"Nani kawaambia mfanye hivi?"

"Ni abti," binti akajibu.

Abti tena. "Huu ni mtandao wa vihisi, si zizi la mbuzi. Ondoeni."

"Lakini daktari, abti anasema..."

"Kazi yako anasahihisha nani, mimi au abti?"

Wakaondoa, huku miiba ikiwachoma vidole.

Siku ya tatu ya vipimo kompyuta ikanyamaza. Tulikuta nguzo zote ziko chini, vihisi vimekanyagwa matopeni. Ngamia akishashiba maji hutafuta pa kujikuna, nasi tulikuwa tumemwekea. Mtoto yeyote wa mfugaji analijua hilo. Mimi nilikulia mjini, na kuuliza sikutaka.

Vihisi vipya vya kuweka badala yake havikupatikana. Siku ya kutetea mradi, binti alisimama mbele ya jopo la watahini na vipimo vya siku tatu. Wakamuuliza kwa nini nguzo hazikulindwa.

"Ni kosa letu wanafunzi," akasema. "Hatukuwafikiria ngamia."

Mwenyekiti akamwambia itabidi arudie mwaka. Wallahi nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ukweli. Lakini binti hakunitazama mimi. Alitazama nyuma ya ukumbi, alikokaa fundi, na fundi akamtikisia kichwa polepole, kumpa pole.

Nikafunga mdomo.