Mchwa Walioshiba Wakafa Njaa

Taabu yangu ilianza mwaka wa 2017, nikiwa na miaka hamsini na minne. Mume wangu alizikwa, na kabla udongo wa kaburi haujakauka mdogo wake alikuwa ameshasimama mlangoni kwangu na fimbo, anataka kujua ni lini atanirithi. Nilimwambia mimi si jembe. Jembe ndilo hurithiwa.

Hajanisamehe mpaka leo, na mimi sijamwomba anisamehe.

Hapa ni Ndhiwa. Mimi nilizaliwa Migori, upande wa Suna, kwa hiyo wananiita nyar Suna, binti wa Suna, hata baada ya miaka yote niliyopika katika boma hili. Shule niliacha darasa la tatu. Nasema mapema ili msomaji asinitafutie maneno makubwa. Ninachojua, nimekijua kwa mikono.

Ng'ombe wetu wengine waliliwa kwenye matanga. Waliobaki, shemeji aliwaswaga kwenda kwake, eti anawatunza. Nikabaki na kuku, kwa sababu huku kwetu hakuna mwanamume anayekubali aonekane akigombania kuku. Hapo shemeji alikosea. Siku moja baada ya ibada, watu wakiwa bado wanasalimiana nje ya kanisa, alisema kwa sauti: "Mwanamke hana mume, hana ng'ombe. Kabla mvua hazijarudi atakuwa amefunga godoro lake arudi Suna." Watu wengine walicheka. Mimi niliwatazama mmoja mmoja mpaka wakaacha.

Kukaa au kuondoka, basi, kulitegemea kuku. Na kuku walitegemea mchwa.

Nieleze. Kifaranga wa kienyeji akila pumba tupu anasinyaa. Akila mchwa, anafura kama amepulizwa. Jioni unachukua chungu kikuukuu, unakijaza mabua ya mahindi na mavi ya ng'ombe yaliyoloweshwa, unakifunika juu ya njia ya mchwa kwenye kichuguu. Asubuhi kimejaa. Lakini kichuguu kwetu kina mwenyewe, kama vile ng'ombe ana mwenyewe. Kumbikumbi wakiruka, wale tunaowaita ngwen, huwezi kwenda kuwavuna kwenye kichuguu cha jirani. Watu wameshapigwa rungu kwa jambo hilo.

Kichuguu changu kilikuwa ukingoni mwa shamba. Shemeji alipanda mkonge akasema ndio mpaka aliouacha baba yao, na huo mpaka wake ulipinda kama nyoka aliyekanyagwa ili kichuguu kiangukie kwake. Yule hakutaka shamba. Alitaka kichuguu.

Kabla hajamaliza kupanda, nilienda na jembe mchana kweupe nikakata ubavu mmoja. Nilichukua mabonge ya udongo, mchwa wakubwa na watoto wao na vitu vyao vyote vya ndani, nikawatia kwenye pipa lililokatwa nusu, nikaliweka chini ya kivuli cha ghala. Nikawalisha mabua na mavi, nikawanyunyizia maji. Wakaishi. Walikula, wakajenga, na nilipotaka wa kuwapa vifaranga nilikuwa nachota kiasi tu. Majirani walipita wakicheka. "Nyar Suna anafuga mchwa! Kesho atawakamua maziwa."

"Mkisikia nimewakamua, leteni vikombe," niliwajibu.

Kiangazi kilichofuata ndicho kilichotaka kuniua. Kuku wangu wengi waliangua pamoja, vifaranga wakajaa uani kama nyasi. Kisha wakaanza mafua, wanakohoa, macho yanatoa machozi. Nikaenda soko la Ndhiwa, duka la dawa za mifugo. Muuzaji akanipa unga wa manjano, nikachanganya na maji nikawanywesha. Kikohozi kikapoa. Mkononi nikabaki na karai la maji ya manjano ambayo kuku hawakuyamaliza.

Sasa nani anamwaga maji wakati wa kiangazi? Mto umebaki madimbwi, ndoo moja ni safari ya kuvunja kiuno. Na nilifikiri hivi: dawa iliyoponya kuku haiwezi kumdhuru mchwa, labda hata itamsafisha asiwaletee vifaranga ugonjwa. Nikayatia yote kwenye pipa, nikalowesha mabua na mavi. Nilifanya hivyo kila nilipotengeneza dawa, mpaka pakiti ikaisha.

Mchwa wakaanza kufa.

Hawakufa mara moja kama waliomwagiwa sumu. Walipunguza mwendo. Ukigusa bua hawakimbii. Walikuwa weupe zaidi, wamelegea, na asubuhi nilikuta waliokufa wamelundikwa pembeni. Kilichonitia kiwewe ni kwamba walikuwa wanakula. Mabua yaliliwa. Nilimpasua mmoja kwa ukucha, nikamkuta tumbo limejaa. Nikampasua mwingine, vilevile. Katika maisha yangu nimeona njaa ya watu na njaa ya ng'ombe, lakini sikuwahi kuona kiumbe aliyeshiba akifa njaa.

Nilijua ni nani. Nani mwingine? Nilikwenda mpaka kwenye mkonge, shemeji alikuwa upande wa pili anafunga mbuzi.

"Umeweka nini kwenye pipa langu?"

"Pipa gani, shemeji?"

"Usiniite shemeji kama umeniwekea sumu."

Alicheka mpaka akashika kigingi. "Mimi niamke nitembee kwenda kuwaua mchwa? Nyar Suna, ningetaka kuua kitu kwako ningeanza na huo mdomo." Akaendelea kufunga mbuzi wake. "Wadudu wamekukimbia hata wao. Anza kutafuta gari la kubebea godoro."

Nilirudi nyumbani. Vifaranga walinizunguka miguuni wakilia. Pumba zilikuwa zimekaribia chini ya gunia na kifaranga wa kwanza alikuwa ameshaanza kuburuta mabawa. Nilitengeneza orodha kichwani ya mahali pa kupata mchwa wengine, ikaisha haraka. Mjane ambaye hajarithiwa tunamwita chola. Chola haingii boma la mtu. Akiingia, inasemekana analeta chira, ile laana inayokondesha watoto na kukausha maziwa ya ng'ombe. Sote tunakwenda kanisani, tunaimba, tunatoa sadaka, lakini hakuna hata mmoja katika kijiji kile ambaye angenifungulia lango niende kutega chungu kwenye kichuguu chake.

Aliyenisaidia alikuja kwangu, sikumwendea mimi. Alikuwa binti wa mama mmoja ninayeimba naye kwaya, msichana aliyesoma, anafanya kazi na watu wanaochunguza wadudu kule Mbita, alikuwa nyumbani mapumzikoni. Mama yake alikuwa amemsimulia habari ya pipa kama kichekesho. Yeye hakucheka. Alipiga magoti kwenye vumbi na nguo yake safi, akaingiza mkono ndani ya pipa.

"Mama, umewapa nini?"

"Chakula chao cha siku zote."

"Na maji?"

Nikamwambia habari ya maji ya manjano. Akafumba macho kidogo.

"Hiyo dawa inaua bakteria, mama. Vile vijidudu vidogo visivyoonekana."

"Ndiyo. Vya mafua."

"Vya mafua, na vya kwenye tumbo la mchwa pia. Mchwa peke yake hawezi kulitumia bua. Analitafuna tu. Ndani ya tumbo lake wanaishi hao wadogo, maelfu kwa maelfu, na wao ndio wanaomsaidia kulivunjavunja liwe chakula. Yeye amewapa nyumba, wao wanampikia."

"Kwa hiyo mimi nimeua wapishi."

"Umeua wapishi. Sasa anakula, tumbo linajaa, lakini hakuna kinachoiva."

Nilikaa kwenye kinu. Nilitaka kumbishia, kwa sababu sipendi kuambiwa na mtoto niliyemjua akiwa na kamasi. Lakini nilikuwa nimewapasua mwenyewe. Tumbo limejaa, mnyama anakufa. Maneno yake yaliingia pale pale kama ufunguo.

"Wapishi wengine wanapatikana wapi?" nikauliza. "Wanauzwa?"

Hapo alicheka. "Hapana. Mchwa mdogo huzaliwa bila hao. Huwapata kwa kulishwa na wakubwa wake."

"Analishwa mdomoni?"

"Mdomoni. Na, samahani mama, nyuma."

"Nyuma gani?"

"Nyuma, mama. Anakula kinachotoka kwa mwenzake."

"Ee Mungu wangu. Na huko Mbita mnalipwa kutazama hayo?"

Akaniambia: ningeweka mchwa wazima kati ya hawa wagonjwa, huenda wangewalisha, na wapishi wangerudi. Lakini lazima watoke kichuguu kile kile, kwa sababu wa kichuguu kingine wangekatana vichwa mara moja. Nikamuuliza kama ana hakika. Akaniangalia usoni, hilo nilimpenda. "Sina hakika, mama. Nimeona wengine wakipona, nimeona wengine wakifa wote. Na ukingoja, watakufa wote."

Kichuguu kile kile. Cha shemeji.

Niliondoka wakati jua liko utosini ili kila mtu anione. Nilibeba chungu kichwani, kimeshajazwa mabua na mavi. Nilifika langoni kwake nikasimama. Mke wake alikuwa anaanika mtama. Aliponiona aliangusha ungo.

"Wewe! Simama hapo hapo!"

"Nimesimama. Mwite mume wako."

Shemeji alitoka na fimbo ile ile. Nyuma yake wajukuu wakachungulia, bibi yao akawavuta ndani kwa masikio.

"Unataka nini?"

"Nataka chungu hiki kilale kwenye kichuguu leo."

"Kichuguu changu."

"Sikuja kubishana habari ya mkonge. Nimekuja kwa chungu."

"Rudi nyumbani kwako, nyar Suna. Au rudi kwa baba yako."

Nikanyanyua mguu wa kulia nikauweka ndani ya lango. Mguu mmoja tu. Mke wake akapiga ukelele uliofukuza kuku. Mimi niliogopa, kwa maana chira sijui kama ipo au haipo, na wale watoto walikuwa damu ya mume wangu. Lakini uso sikuubadilisha.

"Shemeji," nikasema, "mimi sijarithiwa, na unajua kwa nini. Naweza kuingia hapa, nikakaa kwenye kiti chako, nikaomba maji ya kunywa, nikatumia kikombe chenu. Nina kiu sana."

"Huwezi! Wewe ni mtu wa kanisa!"

"Na wewe pia. Kwa hiyo huogopi. Nikaribishe."

Jasho lilimtoka. Aliangalia mguu wangu kama mtu anavyomwangalia nyoka. Mke wake alikuwa analia sasa: "Mpe! Mpe wadudu wake aende!"

"Kimoja," shemeji akasema. "Chungu kimoja, mara moja. Nitakitega mwenyewe, nitakiweka kwenye mkonge asubuhi. Ukirudi tena hapa nawaita wazee wa ukoo, na hapo utaondoka kweli. Toa mguu."

Nilitoa mguu, nikatua chungu chini, nikageuka.

Asubuhi chungu kilikuwa kwenye mkonge. Kilijaa, kizito, ukikiweka sikioni unasikia wanavyovuma. Vifaranga waliniona nikija nacho wakanikimbilia, hata wale waliokuwa wanaburuta mabawa. Walipanda juu ya miguu yangu. Walijua chungu ni nini.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kuchagua. Ningewamwagia vifaranga, wangeshiba siku hiyo na labda inayofuata, kisha basi, pipa limekufa na vifaranga wamekufa na mimi nafunga godoro. Ningewatia mchwa kwenye pipa, vifaranga wangelala njaa kwa neno la msichana aliyesema mwenyewe hana hakika. Shemeji alikuwa kwenye mkonge, mikono nyuma, anangoja aone.

Niliwasukuma vifaranga kwa mguu. Nikaenda kwenye pipa, nikakipindua chungu chote ndani, sikubakiza hata mmoja wa kumwonjesha kuku.

"Amerukwa na akili," nilimsikia akisema.

Siku zilizofuata sitaki kuzisimulia kwa urefu. Niliwapikia vifaranga ugali wangu mwenyewe nikalala na uji. Nilifukua ardhi yote isiyo na mwenyewe nikawatafutia minyoo, nikapata michache. Vifaranga walikufa kila asubuhi. Niliwazika nyuma ya choo ili shemeji asihesabu. Kila nilipofunua pipa niliona wale wageni wenye nguvu wakipita juu ya wagonjwa, wakiwagusa kwa vipapasio, wengine wamegeuziana mgongo na mdomo kama alivyosema yule binti. Wagonjwa wengi walikufa hata hivyo. Nilianza kuwaza nitamwambia nini kaka yangu Suna nikitokea na kuku watatu na sufuria.

Kisha siku moja niligusa bua, nao wakakimbia.

Nikagusa jingine. Wakakimbia, wakajificha upesi, kama mchwa wanavyotakiwa. Nilifunika pipa nikaketi juu yake. Nilingoja waongezeke nguvu kabla ya kuchota, na kungoja huko kulinigharimu vifaranga wengine. Zaidi ya nusu walikufa. Nusu ndogo iliyobaki ilikula mchwa, ikanyanyua mabawa, na mvua ziliporudi Ndhiwa zilinikuta napanda mahindi yangu. Shemeji alipita njiani. Alihesabu mistari yangu kwa macho, akaenda zake.

Yule binti alikuja tena kuchukua mchwa wachache kwenye kichupa. Nilimpa jogoo. Dawa ya manjano sikuiacha, kuku wakiugua nawanywesha. Maji yanayobaki nayamwaga kwenye shimo la choo, kiangazi au masika.

Leo nina haya. Nyumba ya mabati, vyumba vitatu, sakafu ya simenti. Banda la kuku la waya na jingine la vifaranga. Kuku wakubwa ambao naweza kuwajua mmoja mmoja, na wadogo ambao siwezi. Mapipa manne ya mchwa. Ng'ombe jike mmoja na ndama wake, niliowanunua mwenyewe. Tangi la maji ya mvua. Baiskeli. Shamba lile lile, mpaka kwenye mkonge.