Bamba Lililoangukiwa na Mchi

Nilipokuwa nikisoma Riyadh, kazi yangu ilikuwa kukisia jambo moja: bamba likishagongwa, limebakiwa na nguvu kiasi gani? Mabamba yetu yalikuwa tabaka za kitambaa cha kaboni zilizoshonwa kwa uzi mgumu ili zisiachane, kisha zikanyweshwa gundi mpaka zikakauka kama ubao.

Ijumaa moja nilikwenda Jeddah kwa shangazi yangu, anayekaa mtaa wa Aziziya. Nilimchukulia bamba moja alione. Akaligusagusa, akaliweka juu ya meza ya jikoni, akanyoosha mkono kuteremsha kinu kwenye rafu. Mchi wa chuma ukamponyoka, ukatua katikati ya bamba, puu!

"Uwi! Nimekuharibia masomo, mwanangu!"

"Hata alama halina, shangazi."

"Basi zima."

"Juu zima. Ndani huenda tabaka zimeachana."

Akaniangalia kama vile namtania. Lakini mimi nilishafurahi: nimepata bamba lililogongwa la kujaribia hesabu yangu. Nikapima urefu wa rafu, nikauweka mchi kwenye mizani yake ya unga ili nijue pigo lilikuwa na nguvu gani, nikarudi Riyadh na bamba langu nimelifunga kwa taulo.

Maabarani tulilipitishia mawimbi ya sauti ili tuone ndani. Kweli, ndani mlikuwa na doa la ukubwa wa tende, tabaka zimeachana. Nikapiga hesabu, nikachora mstari mwekundu kwenye skrini: likikandamizwa, litavunjika hapa. Shangazi nikampigia simu ya video ashuhudie.

Mashine ikaanza kulibana. Mshale ukapanda, ukafika kwenye mstari, ukaupita.

"Limepita!" shangazi akapiga kelele. "Halas, basi tena, umefeli!"

Ndipo bamba likalia kwa kishindo na kukatika. Tulipolichunguza kwa darubini nikaona nilipokosea: nilihesabu kwamba nyuzi zote za kwenye lile doa zimekatika, kumbe nyingine zilikuwa bado zimeshika. Nikairekebisha hesabu, na mabamba yaliyofuata yakavunjika karibu sana na mstari wangu.

Msimamizi wangu aliuliza nilitumia kifaa gani kuligonga lile la kwanza. Nilipomwambia, alicheka mpaka akavua miwani. Hata hivyo akanikataza kuliingiza kwenye tasnifu, kwa kuwa jikoni si mahali pa majaribio.

Shangazi hakujali. Nilipokwenda tena Jeddah, nilimkuta sebuleni na majirani zake, kahawa mkononi, akiwaeleza kwa kituo namna nyuzi zinavyozuia tabaka zisiachane. Nikakaa pembeni nikamsikiliza. Alikuwa anaeleza vizuri. Nilimsahihisha mara moja tu, akanambia ninyamaze.