Mafundo Matatu ya Bi Earline

Earline Riddick alishona sare za mabaharia miaka thelathini na minane, katika duka la cherehani linalotazamana na lango la kambi ya wanamaji pale Norfolk. Mshono wake ulijulikana. Mafundi wenzake walifunga fundo moja wakakata uzi. Yeye alifunga matatu. "La kwanza la kazi," alisema, "la pili la bahari, la tatu la mama yako." Nguo yake haikufumuka, labda uipasue.

Mume alimkimbia mapema, Earline akabaki na mwanawe Lamont, na wawili hao walikuwa na Jumanne yao. Jumanne jioni ndiyo siku ya ile tamthilia ya wapelelezi wa jeshi, iliyoanza Lamont akiwa shule ya msingi na mpaka leo haijakoma. Waigizaji wamezeeka, wengine wameondoka, maiti haziishi. Earline aliitazama huku akipiga pasi na kugombana nayo.

"Mtazame huyo! Ofisa gani anavaa medali kombo hivyo?"

"Mama, nyamaza basi, wanamkamata."

"Wamkamate na fundi wake pia!"

Kabla shati la tano halijapoa, muuaji yuko kwenye pingu. Ukweli ulipatikana kwa saa moja, matangazo ya sabuni yakiwemo. Earline aliuamini ukweli wa namna hiyo kama alivyoiamini Zaburi.

Lamont alipokua akaingia jeshini. Alipewa sare nyeusi ya sufu. Mama yake akaifumua yote, akaishona upya kwa mkono.

Safari yake ya pili, meli ikiwa mbali kabisa, walimkuta chini ya ngazi ya chuma, shingo imevunjika. Wa mwisho kuwa naye alikuwa Dwayne Faulk, kijana wa mtaa wao, aliyelala kitanda cha chini yake. Wapelelezi walihoji watu, wakaandika kwamba ngazi ililowa, bahari ilichafuka, Lamont akateleza. Hawakuona zaidi ya hapo.

Siku ya maziko Earline aliinamia jeneza kumnyoosha mwanawe mkono wa sare. Akalipindua pindo lake. Ulikuwa mshono mzuri, umenyooka, una fundo moja.

Machozi yakamkauka palepale. Mtu alikuwa amemvua Lamont nguo yake akamvika nyingine, na nguo haivuliwi maiti bila sababu. Hakumwambia yeyote. Kwenye tamthilia, mwenye akili hatoi siri yake mapema.

Baada ya wiki mbili lililetwa sanduku la vitu vya marehemu, limezungushwa utepe. Odessa, mama yake Dwayne, aliyeimba naye kwaya tangu wasichana, alikuja na kisu ili wafungue pamoja walie pamoja.

"Usiguse! Utaweka alama za vidole."

"Earline, shoga yangu, ni nguo za mtoto tu."

"Ni ushahidi."

Akalisukumia uvunguni. Akampigia simu mpelelezi aje na glavu.

"Kesi imefungwa, mama. Sanduku ni lako, lifungue tu."

"Nilifungue mimi, halafu mseme nimetia vitu? Mimi si mjinga, mwanangu. Kila Jumanne natazama."

Yule kijana akacheka. Bora asingecheka.

Dwayne aliporudi likizo alikuja kanisani, na baada ya ibada, watu wakila samaki wa kukaanga, akamwendea Earline kumkumbatia. Earline akarudi nyuma hatua moja.

"Nguo uliyomvua mwanangu umeificha wapi? Ilikuwa na damu ya nani?"

"Nguo gani, Bi Earline?"

"Muuaji hujibu swali kwa swali."

Sahani zilinyamaza. Na neno la mtu aliyefiwa watu hawalipimi, hulibeba tu. Dwayne akaacha jeshi, mchumba wake akamwacha yeye. Odessa hakuimba tena kwaya, na alipougua Earline hakwenda kumtazama. Alipokufa hakwenda kuzika. Miaka tisa ikapita hivyo, sanduku liko uvunguni.

Mwaka huu, majira ya machipuko, mzee mmoja aliyestaafu jeshi alileta koti dukani. Akatazama kazi ya Earline, akatabasamu.

"Mafundo matatu! Sisi tungekuwa tumefukuzwa kazi kwa kuchelewa hivyo, dada. Nilishona miaka mingi kule wanakopokelewa marehemu wa jeshi. Kila mmoja tulimtengenezea sare mpya, kuanzia fulana, hata kama jeneza halifunguliwi. Hakuna aliyerudi kwao na nguo kuukuu."

Mkasi ulisimama mkononi mwa Earline. "Na zile zao za zamani?"

"Zinarudi nyumbani, kwenye sanduku. Hawakukuletea?"

Alikwenda nyumbani mchana ule, akapiga magoti, akalivuta sanduku, akakata utepe kwa mkasi wake wa kazi. Sare ilikuwa juu kabisa, imekunjwa vizuri. Haikuwa na damu, ila nondo walikuwa wameila kifua chote, kwa sababu ushahidi hautiwi dawa ya nondo. Kwenye pindo la mkono mafundo yalikuwepo, yote matatu.

Asubuhi iliyofuata alipanda basi mpaka Suffolk, anakoishi Dwayne akiezeka mapaa. Dwayne alifungua mlango mwenyewe, nywele zimeanza mvi, hakumkaribisha ndani.

"Nimeipata ile nguo," akasema Earline.

"Mimi sikuipoteza."

"Ilikuwa kwenye sanduku."

"Mama alikuja na kisu mlifungue." Dwayne alisema taratibu, kama anayemsomea mtoto. "Mpaka anakufa alikuwa akiniuliza kama umepiga simu. Sasa umekuja kusema nini, Bi Earline?"

Earline alijua cha kusema. Alikuwa amekisema njia nzima kwenye basi, midomo ikicheza, abiria wakimtazama. Lakini kinywa chake hakikuwahi kuomba radhi kwa mtu, na kilikuwa kimezeeka hivyo.

"Ilikuwa na mafundo matatu," akasema. "Nilidhani ungependa kujua."

Dwayne akaufunga mlango polepole. Afadhali angeubamiza.