Bi Magugu Hachumi Jioni

“Hivi jirani, ukiyamaliza majani yote ya bondeni, mbuzi wangu niwalishe magazeti?”

Swali hilo liliulizwa miaka mingi iliyopita na mama wa nyumba ya tatu, mwenye mbuzi wanne na mdomo usio na kufuli. Aliyeulizwa hakununa. Alimjibu kuwa mbuzi hao wana akili kumshinda mwenyewe, maana wanajua cha kula na cha kuruka, ilhali yeye anaikanyaga mboga kila siku akienda sokoni kununua kabichi. Wakacheka wote wawili. Jirani ndiye aliyembandika jina la Bi Magugu, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua ndio kwanza linachungulia. Bi Magugu, mwenye miaka hamsini na sita, ameinama kwenye kiwanja kilichokuwa cha kufyatulia matofali. Kitambaa amekifunga kiunoni kikawa mfuko. Vidole vinakata ncha laini za mnavu, mdomo unachezacheza kama wa mtu anayesali bila sauti. Hang’oi hata mche mmoja.

“Ukiung’oa umekula leo na kesho kwa mpigo,” anasema. “Ukiukata, wiki ijayo unakuita wenyewe.”

Kwa kila mche, jani moja analisugua kati ya vidole, ananusa, ndipo anakata mengine. Vitunda vibichi vya mnavu havigusi. Anapofika kwenye mtaro anapita wima, ingawa mchicha pori umejaa hapo, mnene, wa kumtamanisha mtu.

“Huo umenyweshwa maji ya gereji. Jani halichagui kinywaji.”

Ukimfuata nusu saa unaanza kuona aibu kwa yote uliyowahi kuyakanyaga. Mgagani, wenye majani kama kiganja kilichokunjuliwa. Mchunga, unaotoa maziwa ukivunjwa, mchungu kama deni la shemeji, lakini ukichemshwa maji ya kwanza yakamwagwa unakuwa mtamu kwa namna yake. Mlenda pori, unaotambaa penye kokoto kama unaomba radhi. Mwenyezi Mungu hakuacha mahali patupu. Ni sisi tunaotazama juu juu.

Leo lakini Bi Magugu hachumi kwa utulivu wa kila siku. Ana jibu la kupeleka.

Ng’ambo ya barabara kuu kuna chuo cha ufundi chenye wanafunzi mia tatu wa bweni. Mpishi mkuu wa chuo alionja mchunga wake kwa fundi cherehani mmoja, akamtafuta mpaka nyumbani. Anataka mafungu themanini, mara mbili kwa wiki. Kwa kawaida Bi Magugu huuza mafungu ishirini siku ikiwa njema, na fedha yake ni unga, sabuni, basi. Mchana hufua nguo za watu, kazi iliyomla mgongo hadi siku nyingine anavaa viatu akiwa amelala. Oda hiyo ingemtoa kwenye beseni.

Ila ina sharti. Mboga ziwe jikoni saa kumi na mbili asubuhi, ili ziwahi chakula cha mchana. Maana yake zichumwe jana yake jioni. Na Bi Magugu hachumi jioni.

Sababu anaijua zaidi mumewe, fundi viatu, ambaye tunamkuta uani akipiga kiatu msumari.

“Mimi naambiwa tu, sikumbuki kitu,” anasema. “Wanasema nilitoka ndani nikaanza kufukuza kuku. Nawakamata, nawaweka chini ya kapu, narudi kumtafuta jogoo. Sasa, sisi hatujawahi kufuga kuku.”

Mkewe, aliyekaa karibu, hacheki. Miaka kumi na moja iliyopita alichelewa kutoka kufua, akapita kiwanjani giza likiingia. Mahali pale alipajua kama kiganja chake, akachuma kwa kupapasa huku akiwaza mambo mengine. Kumbe mvua ilikuwa imeotesha miche michanga ya mnanaha katikati ya mnavu. Mnanaha ukiwa mdogo unafanana na mnavu kama mtu na binamu yake, na ni sumu. Yeye hakula usiku ule kwa sababu jino lilikuwa linamsumbua. Mumewe alikula sahani mbili.

“Macho yake yalikuwa meusi yote, yamepanuka,” Bi Magugu anasema taratibu. “Mdomo mkavu. Ananitazama hanijui. Siku mbili hospitali. Ingekuwa mgeni katika kazi hii, ningesema hakujua. Mimi nilijua. Nilizoea tu.”

“Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka,” mumewe anatania.

“Aliyeumwa ni wewe.”

“Ndiyo maana mimi sishtuki. Nilikuwa na kuku wengi sana siku ile.”

Hapo ndipo mke anatabasamu, kidogo, upande mmoja.

Tangu wakati huo ana kanuni zake. Anachuma jua likiwepo. Akirudi nyumbani anatandika shuka jeupe, anapanga majani moja moja, upande wa juu na upande wa chini, kisha sufuria ya kwanza wanakula wao. Mteja anafuata. Kuchuma asubuhi na kuyalaza hadi kesho haiwezekani. Ndani ya gunia yanapata joto, kukicha yamesinyaa na kuwa meusi. Anachoweza kuahidi ni saa nne asubuhi, si mapema zaidi.

Sufuria ya leo ni mnavu na mchunga, vimechanganywa ili mmoja umpunguzie mwenzake ukali. Kitunguu, chumvi, mafuta kijiko kimoja. Wanakula, wanaosha sahani. Saa tatu na nusu Bi Magugu anajifunga kitambaa kipya, anachukua mafungu kumi ya kuonyesha. Ndani ya mfuko mwingine mdogo, uliofungwa mafundo mawili, anaweka majani machache aliyoyachuma kando na mengine.

Njiani anazungumzia anachokitamani. Si duka. Anataka wanawake wanne, akianza na wifi yake, awafundishe mwaka mzima, mvua na kiangazi, kabla hajamruhusu yeyote kufunga fungu lake. “Mwaka mzima wataniona mchoyo,” anasema. “Waache waone hivyo. Macho yangu nayo yanazeeka, na nikifa na ujuzi huu nitaulizwa.”

Jikoni mwa chuo mvuke umetanda hadi darini. Mpishi mkuu, mwanamume wa miaka arobaini hivi, kofia nyeupe imemkaa upande, anayapokea mafungu, anavunja jani, anatafuna bichi, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

“Haya mama, niambie. Kesho kutwa saa kumi na mbili?”

“Saa nne, mwanangu.”

“Mama, saa nne mimi nimeshaweka wali jikoni. Nalisha vijana mia tatu, na saa sita kamili wanapiga kelele. Kuna bwana wa kabichi, analeta saa kumi na moja na nusu na salamu juu.”

“Kabichi inachumwa hata na kipofu. Sikukatazi.”

“Sasa tochi si zipo? Jioni mnachuma na tochi. Majani ni majani.”

Bi Magugu anachukua fungu moja na ule mfuko mdogo. Anamwomba waende stoo. Huko anaurudisha mlango nusu, mwanga unabaki ule wa magharibi. Juu ya gunia la mchele anapanga majani kumi kwa mstari, mengine ya fungu, mengine ya ule mfuko mdogo anaoufungua mafundo.

“Chagua mnavu,” anasema. “Usinuse. Aliyechoka hanusi. Na wasikilize vijana wako huku unachagua, maana anayechuma jioni anawaza chakula cha watoto.”

Mpishi anacheka. Kazi ya jikoni ameifanya miaka kumi na tisa, hawezi kushindwa na majani. Anatazama, anasogeza, anainua moja kuelekea mwanga. Nje mtu anaita kuulizia mafuta, naye anajibu bila kugeuka. Anatenga majani saba.

“Haya hapa. Laini kabisa.”

Bi Magugu anafungua mlango. Anayapitia yale saba bila haraka, anayatoa mawili, anayaweka kwenye kiganja cha mpishi.

“Yasugue sasa. Nusa.”

Mpishi anasugua, ananusa, anarudisha kichwa nyuma.

“Hayo mawili ni mnanaha,” Bi Magugu anasema. “Kwa mtu mmoja nililala hospitali siku mbili, nikimshika mikono asijiangushe kitandani. Wewe una mia tatu. Na mimi sina mikono mia sita. Bwana wa kabichi ni mtu mwema, mpe kazi. Sitakununia.”

Anaanza kukusanya majani yake, yale mabaya anayarudisha mfukoni na kufunga mafundo. Mkono wake mmoja umeshika kiuno, pale beseni lilipopaharibu.

Mpishi anaenda kwenye sinki. Ananawa kwa sabuni, anasuuza, ananawa tena mpaka kwenye viwiko. Msaidizi wake anayemenya viazi anamuuliza kama kuna tatizo, naye anafunga bomba.

Ukutani kuna ubao wa chakula cha wiki, ulioandikwa kwa chaki, na msaidizi anasema haujabadilika kwa miaka minne: mboga mchana, maharage jioni. Mpishi anausogelea. Kisha kwa kiganja kilicholowa anafuta mstari wa Jumanne, anafuta wa Ijumaa, anaokota chaki na kuandika maharage mchana, mboga jioni. Pembeni, kwa herufi ndogo, anaongeza: zinafika saa nne.

Anaivua kofia, anaitundika, anatoka nje.