Siku Nilipoulizwa Habari za Binti Yangu

Binti yangu wa pili alimaliza masomo ya uuguzi Louisville mwezi wa Mei mwaka 2015. Shahada yake ilikuwa ya miaka miwili. Mwezi wa Agosti akafaulu mtihani wa leseni, na sisi wa nyumbani tukadhani safari imefika mwisho. Nilikuwa nimeishi Shively, kando ya Louisville, miaka saba nikifunga maboksi ghalani, na kila niliyekutana naye aliniambia kwamba Marekani ina njaa ya manesi.

Huenda njaa ilikuwepo, lakini iliyachagua matonge. Hospitali za mjini kwetu zilitaka shahada ya miaka minne. Zilizokubali ya miaka miwili zilitaka pia uzoefu wa mwaka mmoja. Binti yangu alinisomea matangazo hayo kwenye kompyuta, moja baada ya jingine, mama yake akipepeta mchele mezani.

"Donc," mama yake akasema kwa Kifaransa chake cha shule, "yaani wanatafuta bibi arusi mwenye wajukuu."

Mlango mmoja ulibaki. Baadhi ya hospitali zilikuwa na nafasi za manesi wapya kabisa, ambao hufundishwa kazini kwa miezi kadhaa, na hapo shahada ya miaka miwili haikuwa kizuizi. Lakini upya wenyewe ulikuwa na kikomo. Ukishapita mwaka tangu umalize chuo, wewe si mpya tena, na bila kazi wewe si mzoefu pia. Kwa hiyo tulijua kwamba ikifika Mei nyingine hajapata kazi, jasho la miaka miwili litakuwa kama limemwagwa. Wakati huo bado alikuwa msaidizi katika nyumba moja ya wazee. Aliwaogesha, akawalisha na kuwabadilisha shuka, kazi aliyoianza kabla ya chuo.

Desemba hospitali moja ya Columbus ikamwita. Columbus ni mwendo wa saa tatu na nusu kutoka kwetu, na mdogo wangu anaishi huko na familia yake. Alikuwa ameshatengeneza chumba. Binti yangu alikwenda, akahojiwa na watu watatu, akarudi anaimba garini. Walimwambia kilichobaki ni kuwapigia simu wale aliowaandika kuwa wanamjua.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Katika fomu waliuliza kama amewahi kujitolea mahali. Kwa miaka mitatu alikuwa akiwapeleka wazee wa kanisa letu kliniki, anawatafsiria, na Jumamosi anawapangia dawa za sukari katika visanduku vya siku saba. Akaandika kanisa, na simu ya kanisa ilikuwa yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa kanisa. Kwa mila zetu mtoto hachukui jina la baba, kila mmoja hupewa lake, kwa hiyo hakuna ambaye angetambua kutoka kwenye fomu kwamba mimi ni mzazi. Binti yangu mwenyewe nadhani hakulifikiria sana. Aliniambia tu, "Baba, wakipiga simu, waambie ukweli."

Walipiga siku ya Jumanne saa ya chakula. Nilikuwa ghalani, nimekaa juu ya boksi, nakula wali wa jana. Alikuwa mama mmoja mwenye sauti nzuri. Akaniuliza nimemfahamu binti huyu kwa muda gani.

"Tangu siku aliyozaliwa," nikasema.

Akacheka. Akaniuliza anafanyaje kazi mambo yanapokuwa magumu, na kama ningemwamini na wagonjwa.

Nikaweka kijiko chini, nikavua kofia. Lazima nieleze hapa, maana wajukuu wangu hawaijui desturi hii. Kwetu milimani, tulikotoka, ukimkabidhi mtoto kwa mtu, kwa mwalimu au kwa wakwe, hutakiwi kumsifu. Unamshusha. Unasema, "Tumewaletea mtoto, hajui kupika, hajui kulima, mtuvumilie." Kila mtu pale anajua kwamba ndiye mpishi bora wa kijiji kizima. Kisha mwenye kumpokea anajibu, "Huyu ni wetu sasa, tutamlea," na yeye ndiye anayemwinua. Mzazi anayemsifu mwanawe hana haya, au anauza kitu kilichooza.

Basi nikasema, kwa Kiingereza nilichokitengeneza polepole na kwa heshima yote, "Madam, huyu bado ni mtoto. Kuna mambo mengi hajui. Lakini hajibizani na wakubwa. Mchukue kama mwanao, na akikosea, umrekebishe."

Nikanyamaza kumpa nafasi ya kuniambia kwamba watamlea. Upande wa pili nilisikia kalamu au vidole, kisha yule mama akasema, "Asante kwa muda wako, bwana," na simu ikakatika.

Nilimaliza wali wangu na furaha moyoni. Nilijiona nimemkabidhi binti yangu kama baba yangu alivyowakabidhi dada zangu.

Baada ya wiki mbili barua ikaja kwenye kompyuta kwamba wamechagua mwingine. Binti yangu aliisoma akiwa amesimama, akaifunga. "Louisville walisema ni shahada," alisema. "Columbus hawakuuliza shahada. Kwa hiyo ni mimi. Kuna kitu waliona kwangu."

Mimi bado sikujua. Aliyenifumbua macho ni Mkenya mmoja wa kanisani, kijana aliyekuja kusoma na sasa anafanya kazi ofisini, ambaye hunirudisha nyumbani baada ya ibada ya asubuhi. Nilimsimulia ile simu kama mtu anayejivunia kazi yake.

"Ngoja, mzee," akasema. "Ulisema hajui?"

"Nilisema kuna mambo mengi hajui. Ni nani anajua yote?"

Alisimamisha gari kando ya barabara. "Mzee, hapa ukisema mtu hajui, wanaandika: hajui. Na umesema anakosea kabla hajaanza kazi. Wewe umemzika binti akiwa hai, tena ukavua kofia kwa heshima."

"Ulijuaje kwamba nilivua kofia?"

"Nakujua, mzee."

Nilicheka, naye akacheka, lakini aliponifikisha nyumbani sikuwa nacheka tena. Ilikuwa Januari. Ningepaswa kuingia ndani siku ile ile na kumwambia binti yangu. Sikumwambia. Nilijiambia kwamba kumwambia hakutarudisha kazi, kwamba atapata nyingine, kwamba mzazi hamwombi mtoto msamaha kwa neno la adabu. Nilikuwa na sababu nyingi, na zote zilinifaa mimi.

Wakati huohuo binti yangu alikuwa anazidi kuvunjika moyo. Februari aliacha kutuma maombi. Machi aliongeza zamu katika nyumba ya wazee na akaanza kusema kwamba labda mikono yake ni ya kuogesha tu. Wito mmoja wa mahojiano ulipokuja kutoka mji mwingine wa Kentucky, hakuujibu. Mwanangu huyu ambaye utotoni alibishana na daktari wa kambi ya wakimbizi tulikopita kuhusu kidonda cha bibi yake, sasa aliogopa kuongea na watu kwa simu.

Mke wangu alijua. Nilimwambia usiku mmoja, naye hakunipa usingizi tena. "Baba watoto," alisema, "kila Jumapili unamwomba Mungu msamaha huko mbele ya kanisa. Mtoto mwenyewe analala chumba cha pili."

Jumamosi moja ya Aprili nilimkuta binti yangu jikoni anapiga pasi sare yake ya usaidizi. Nikasema yote bila kukaa. Hakuzima pasi. Aliishikilia hewani.

"Ulisemaje? Sema kwa Kiingereza, neno kwa neno."

Nikayasema. Yalikuwa mabaya zaidi pale jikoni kuliko ghalani.

"Na umejua tangu lini?"

"Januari."

"Leo ni Aprili, baba."

"Ndiyo."

Akazima pasi, akavaa sare ikiwa bado na mikunjo mgongoni, akaenda kazini. Siku nne alinisalimia kwa adabu zote, akanipakulia chakula, na hakuniambia neno jingine. Sijawahi kuadhibiwa vizuri hivyo.

Siku ya tano alikuja na kompyuta yake akakaa kando yangu.

"Bon, haya," akasema. "Nimekukasirikia sana, na bado nimekasirika kidogo. Lakini kumbe si mimi."

"Si wewe. Ni mimi."

"Nimesikia. Sasa sogea, umekalia waya."

Alifuta namba yangu kwenye fomu mbele ya macho yangu, akaandika ya msimamizi wake wa nyumba ya wazee, mwanamke mkali ambaye hakuwahi kumsifu hata mumewe, lakini alipoulizwa alisema mambo yaliyojaza ukurasa. Tuliambiwa baadaye. Columbus alijaribu tena, nafasi zilikuwa zimejaa. Alituma maombi sehemu kumi na tisa, mimi nikimletea chai na kuondoka bila kutoa maoni. Mwanzoni mwa Mei, siku kumi na moja kabla ya mwaka wake kuisha, akapata kazi ya unesi katika nyumba ya wazee na wagonjwa wanaopata nafuu huko Kenmore, jirani na Buffalo, alikokaa mama yake mdogo. Shahada ya miaka miwili haikuwasumbua. Walichosubiri tu ni leseni ya jimbo la New York, kwa kuwa ile ya Kentucky haikutosha huko.

Karatasi ilipotoka nilimpeleka mwenyewe. Njia inapita Columbus, kwa hiyo tulikula kwa mdogo wangu. Naye hakujua lolote.

"Kaka, unampeleka mtoto kwenye theluji ya Buffalo," alilalamika. "Hapa chumba kiko tayari tangu Krismasi. Hawa watu wa hospitali walikuwa na macho kweli?"

Binti yangu aliangalia sahani yake. "Walitaka wenye uzoefu, baba mdogo."

Alikuwa ananisitiri. Ningeweza kuendelea kutafuna.

"Mimi ndiye niliyemharibia," nikasema, na nikasimulia.

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, kwa sababu naye ni wa milimani. "Na yule mama hakujibu kwamba watamlea?" aliuliza.

"Hakujibu."

"Watu hawa," akasema, akitikisa kichwa. Hapo ndipo binti yangu alipocheka, akacheka mpaka akatoka mezani kunawa uso.

Asubuhi ya kwanza ya kazi nilimfikisha Kenmore mapema mno. Njiani nilikuwa nimemwahidi kwamba sitamwambia mtu yeyote chochote. Tulikuwa bado tumesimama kando ya gari wakati msimamizi wake mpya alipofika, mwanamke mfupi mwenye kikombe cha kahawa. Alinipa mkono, akasema, "Wewe ndiye baba? Tumefurahi kumpata."

Ndilo jibu nililolisubiri ghalani. Nilishika ule mkono kwa mikono yangu miwili, nikainamisha kichwa, nikanyamaza, kama nilivyoahidi. Binti yangu alinitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha akamfuata yule mama ndani. Nadhani yule mama aliamini sijui Kiingereza.

Niliendesha gari kwa saa nane kurudi, na karibu na Cleveland nikaelewa kwamba nimekosea tena. Pale ndipo ningepaswa kusema. Ningesema: madam, huyu anajua kazi. Bibi mmoja wa kanisa letu alikataa dawa kwa sababu vidonge vilikuwa na rangi ya vile alivyopewa mumewe kabla ya kufa. Madaktari wawili walishindwa. Binti yangu alikaa naye Jumamosi tatu akimsikiliza habari za huyo mume, na Jumamosi ya nne bibi alifungua mdomo, akavimeza. Nilikuwepo, niliona. Ningesema hivyo, naye binti yangu angesikia kwa sikio lake kwamba baba yake aliona.