Niliona Pikapu Inapinda, Nikanyamaza

Kosa ni langu. Si la barabara, si la muuzaji, si la mvua ya wiki ile. Naanza hivyo ili usije ukanionea huruma mapema, ndugu msomaji, kwa maana ukinisikiliza mpaka mwisho huenda usinionee kabisa.

Mimi ni mtu wa Kolwezi. Nilifanya kazi ya ufundi wa injini za dizeli katika mgodi kwa miaka mingi, mpaka walipotupunguza. Tangu hapo, katika mtaa wetu wa Manika, mtu hakununua gari bila kuniita kwanza. Nilikuwa nasimama kando ya injini, nafumba macho, nasikiliza. "Muiteni tata wa masikio," walikuwa wanasema, yaani mzee wa masikio. Nilipenda kuwaeleza watu. Ukiniuliza jambo moja mara kumi, nitakujibu mara kumi, tena bila kukasirika.

Lakini nilianza kupenda na kitu kingine: namna watu walivyokaa kimya nilipofumba macho. Ah, ile heshima! Iliniharibu polepole, na mimi nikiiona tamu.

Kazadi ndiye aliyemwoa mdogo wangu Astrid. Alikuwa anauza maji. Alikuwa na trela yenye tangi la lita elfu mbili, akilivuta kwenye mitaa ambako bomba halitoi kitu, na hasa Kasulo, ambako watu wamechimba madini mpaka chini ya nyumba zao na maji ya visima hayanyweki. Gari lake la zamani lilipokufa, alikuja kwangu.

"Bofrère," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi shemeji yake, "mi natafuta pikapu ya mazuti, ya kukokota. Weye njo utachagula. Mi sitatia hata kidole." Kwetu mazuti ni dizeli, na "njo" ni "ndiyo".

Sasa nieleze kidogo, kwa sababu wengi hukosea hapa. Gari la kubebea watu unaliuliza habari za injini. Gari la kuvutia mzigo unaliuliza kwanza habari za mgongo. Mgongo huo ni chasi, zile boriti mbili ndefu za chuma zilizolala chini ya gari, zinazobeba kila kitu. Ndoana ya kuvutia trela inafungwa huko. Ukipanda, mzigo unavuta chasi nyuma. Ukishuka, mzigo unaisukuma. Ikiwa chasi imeoza, injini yenye nguvu haikusaidii. Inakuharakisha tu kufika kwenye ajali.

Nilikuwa nayajua haya yote! Nilikuwa nayafundisha!

Hapa kwetu tuna ugonjwa mmoja: tunaabudu gari lililotoka mgodini. Tukiona ile mistari ya kung'aa ubavuni, na lile shimo la fimbo ya bendera kwenye bampa, mioyo inayeyuka. Tunasema mgodi hautumii gari bovu, mgodi unabadilisha oili kwa wakati, mgodi una daftari la matengenezo. Kuna watu wananunua gari la namna hiyo na hawaitoi ile mistari, ili jirani ajue limetoka wapi.

Pikapu tuliyoonyeshwa ilikuwa ya mgodini. Nyeupe, kabini mbili, na kilomita chache mno kwa umri wake. Muuzaji akanipa daftari. Kila ukurasa una muhuri.

Nilifika pale Jumamosi, nikiwa na shati jeupe, maana baadaye nilikuwa na harusi ya kanisani. Nikagusa boneti: ilikuwa ya moto. Maana yake muuzaji alikuwa ameiwasha kabla hatujafika. Dizeli mbovu inajificha ikipata moto. Inajionyesha ikiamshwa ya baridi. Ilinipasa kusema, "Tutarudi kesho asubuhi." Sikusema.

Kwenye dashibodi kulikuwa na tundu dogo la mraba, na nyaya mbili zimefungwa kwa plasta. Hapo palikuwa na mita ya saa za injini. Magari ya mgodini yanasimama siku nzima injini ikiunguruma. Kilomita haziongezeki, lakini injini inazeeka. Aliyetoa mita ile alikuwa na sababu. Nililiona tundu, nikalipita.

Na chini ya gari, chasi yote ilikuwa imepakwa rangi nyeusi nzito kama lami, mbichi bado. Ilinipasa kulala chini na nyundo, nigonge kuanzia mbele mpaka nyuma. Lakini shati! Nikafumba macho, nikasikiliza injini. Ikaimba vizuri.

"Chukua," nikamwambia Kazadi.

Tukaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, mzee mmoja mpole, aweke ndoana. Akaingia chini, tukamsikia anagonga. Akatoka akiwa na rangi nyeusi kwenye kucha.

"Tata," akaniambia, "iyi chuma iko nalia mubaya. Kule kati, nyuma ya kabini. Iyi gari ilikuwa inatumika kwa aside. Aside inakulaka chuma ndani, inje inabakia muzuri."

Alikuwa anasema kweli. Kwenye viwanda vya shaba wanatumia asidi nyingi, na gari linalokaa karibu na matangi yale linaliwa kutoka ndani. Mimi mwenyewe niliyaona mengi yakiliwa hivyo.

Lakini watu walikuwa wamesimama wanatuangalia. Nikacheka kwa sauti. "Papa, weye uko soudeur, kazi yako kuchoma. Choma! Mambo ya motere utuachie siye."

Watu wakacheka. Mmoja akadakia, "Muzee anatafuta kazi ya kuchoma chasi muzima!" Mzee akanitazama kidogo, akachukua miwani yake ya kuchomelea, akaweka ndoana.

Jioni Kazadi aliniuliza tukiwa wawili tu, "Bofrère, ule muzee... unaniakikishia?"

"Pandisha bibi yako na batoto bako," nikajibu. "Mi njo nakuambia."

Mungu wangu, nilitamka maneno hayo kwa mdomo huu!

Mwezi wa kwanza pikapu ilivuta kama ng'ombe dume. Astrid alikuwa anakaa kando ya mumewe, akiandika majina ya wateja. Walikuwa wakipita kwangu wananipigia honi. Mwezi wa pili Kazadi akasema mlango wa dereva umeanza kugoma kufunga. Nikamwambia ni bawaba. Akasema anasikia mlio akivuka tuta. Nikamwambia ni springi. Kila jibu lilikuwa tamu na refu, lenye subira, kama ninavyokujibu wewe sasa. Ogopa mtu anayeeleza vizuri jambo asilolichungulia!

Kisha ikaja Jumamosi ile.

Kazadi aliacha pikapu uani kwangu akaenda sokoni. Nilipita kando yake nikiwa na kikombe cha chai. Kati ya kabini na sanduku la nyuma kuna nafasi, na nafasi hiyo inatakiwa iwe sawa juu na chini. Siku tuliyoinunua, kidole kimoja kilipita juu, kidole kimoja chini. Nikaweka kidole juu. Kikapita na cha pili. Chini hakikupita hata kimoja.

Unaelewa maana yake? Gari lilikuwa linakunjika katikati. Chasi ilikuwa inakatika, pale pale nyuma ya kabini.

Chai ikapoa mkononi. Nilijua. Sikuwa na shaka hata ya nusu. Neno moja tu lilihitajika: "Usiliendeshe." Lakini neno hilo lingefuatwa na mengine: kwamba mzee wa kuchomelea alisema kweli, kwamba sikulala chini, kwamba tata wa masikio hakusikia kitu. Nikajipa mpango mzuri. Wiki ijayo, nikasema moyoni, nitamwambia alilete nilitazame springi, nitaona mwenyewe cha kufanya, na hakuna atakayejua.

Jumatatu saa nne asubuhi simu ililia. Namba ya Astrid, sauti ya mwanamume, mtu wa pikipiki ya abiria.

"Tata, mi niko wa taxi-moto. Mwenye iyi telefone iko nalia, hawezi sema. Kuya mbio. Gari imekatika."

Hakusema imegonga wala imeanguka. Alisema imekatika, na mimi peke yangu katika nyumba ile nilijua neno lake lilikuwa sahihi kiasi gani.

Ilitokea kwenye mteremko, kando ya kilima cha udongo wa mgodi. Tangi lilikuwa limejaa. Chasi iliachia, trela ikasukuma sanduku la nyuma, sanduku likapandia kabini. Maji yote yalikuwa yamemwagika, barabara nzima tope jekundu. Astrid alikuwa ameketi chini, bega lake limeshuka upande mmoja. Kazadi, watu walikuwa bado wanamtoa. Nilitazama pale chuma kilipokatika. Ndani kilikuwa kimebaki matabaka matabaka, kama biskuti iliyoloweshwa. Mzee wa kuchomelea naye alifika. Alitazama, akavua kofia, akaondoka. Laiti angenitukana!

Mguu wa kulia wa Kazadi ulikatwa juu ya goti.

Ningedhani hiyo ndiyo adhabu yangu, kumwona vile. Sivyo. Adhabu ilikuwa kumsikia akinitetea. Kila mgeni aliyefika kitandani aliambiwa, "Bofrère alichagula muzuri. Barabara njo ilituua." Na watu waliendelea kuniita niwachagulie magari! Mwanamume mmoja alinifuata hapo hapo hospitalini, akaniuliza kuhusu pikapu ya mgodini, nyeupe.

Hapo nilishindwa. Nikarudi chumbani, nikakaa, nikamwambia Kazadi kila kitu. Shati, nyundo, mita, vidole viwili.

Akauliza polepole, "Uliona samedi?"

"Samedi. Jumamosi ile."

"Na kesho yake, dimanche, tulikulaka kwako."

"Ndiyo."

"Mi, Astrid na batoto. Bote mu ile gari. Ukatusindikiza mpaka inje."

"Ndiyo, Kazadi."

"Ukafunga mulango ya gari na mukono yako, sababu ilikuwa inakatala kufunga."

Ilikuwa kweli, nami nilikuwa nimeisahau. Akageukia ukutani.

Astrid alikuwa mlangoni, mkono umefungwa kifuani. Alikuwa amesikia. Hakulia. "Yaya," akasema, maana ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "usikuye tena kwetu. Kama nakuhitaji nitakuita." Bado hajaita.

Wewe unayetafuta pikapu ya kuvutia, usikate tamaa, nzuri zipo. Nenda asubuhi, gusa injini kabla haijawashwa. Fungua kifuniko cha oili ikiunguruma. Ikipuliza moshi kama sufuria, ondoka. Dai kuona chini, na rangi mbichi chini ya gari la zamani ihesabu kuwa ni uongo mpaka nyundo ikuhakikishie. Pima nafasi ya kabini juu na chini, na uipime tena kila mwezi. Ukimleta fundi na haoni haja ya kulala chini, mshukuru, mpe soda, mwache aende.

Na wewe unayeaminiwa, unayeitwa kwanza, niombe nini kwako? Ukigundua umekosea, sema kabla hawajawasha gari. Sema hata kama watacheka. Watacheka siku moja, wiki moja. Mimi hakuna aliyenicheka, na sasa nyumba ya dada yangu iko mitaa miwili kutoka hapa, nami naizunguka kwa njia ndefu.